Kafara ya Nani? Mjadala juu ya Uchawi wa Hekaya

Katika hekaya ya kijana wetu mmoja, ambayo bado haijapigwa chapa, mji wa pwani umezungukwa na nchi nne zisizoonekana kwa macho, na kila nchi ina mlango wake: mlango wa Ujinini umo pangoni, mlango wa kuzimu umo makaburini, mlango wa chini ya bahari uko pale maji yanapogeuka rangi, na mlango wa Giningi, ambao ni wa hatari kuliko yote, hauna mahali maalumu bali hufunguka popote palipo na mtu aliye tayari kulipa. Ajuaye kufungua huchota nguvu za nchi ile akazitumia katika nchi hii: Ujinini hutoka moto na wepesi wa mwendo, kuzimu hutoka nguvu ya kubomoa, baharini hutoka mali, na Giningi hutoka uwezo wa kugeuza sura za watu na kuziteka nia zao. Sharti ni moja kwa milango yote, kwamba mlango ukishafunguliwa haufungiki mpaka ulipiwe, na malipo yenyewe ni mtu wa damu ya yule aliyeufungua.

Mtungaji ni mzaliwa wa Kilifi, naye ni mlinzi wa lango katika mojawapo ya majumba marefu ya West Bay, hapa Doha. Ijumaa moja alituomba watu watatu tumsikilize akisoma, kisha tumpe rai zetu bila ya kumwonea haya. Kwa kuwa hatukukubaliana, na kwa kuwa naamini kwamba jambo tuliloshindania linawahusu wote watungao hekaya kwa Kiswahili, nimeyaandika mazungumzo yetu kwa kadiri nilivyoyahifadhi, nikiwataja wasemaji kwa kazi zao. Maalim ni mzee wa Wete, Pemba, aliyekaa Ghuba muda mrefu na ambaye jioni huwasomesha watoto wa jamaa zetu Kurani. Muuguzi ni mama wa Shinyanga. Mwandishi ni mimi, mtu wa Tanga. Tulikuwa tumetoka kuitazama nyumba ya Bin Jelmood huko Msheireb, mojawapo ya nyumba nne za kale zilizofanywa makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya historia ya utumwa, na vikombe vya chai ya karak vilikuwa mbele yetu.

MLINZI: Maalim wangu, na nyinyi ndugu zangu, mimi nimesoma hadithi nyingi za maajabu zilizotungwa Ulaya na Marekani, nikaona kwamba mtungaji hodari wa huko hamwachi mchawi wake afanye kila atakalo; humwekea kanuni, na kanuni hiyo ndiyo imfanyayo msomaji aogope na kutumaini. Nikajiuliza, kwa nini niazime mazimwi ya nchi za theluji na fimbo za wachawi wa Kiingereza, ilhali bibi yangu alinisimulia nchi za ng'ambo zenye kanuni kali kuliko hizo kabla sijajua kusoma? Jini hampi mtu mali bure. Aliyemfuga hana budi kumlisha, na siku akishindwa kumlisha, jini hujitafutia chakula chake katika nyumba ile ile. Mimi katika haya sikubuni neno. Kazi yangu imekuwa ni kuyapanga.

MAALIM: Hukuyabuni, mwanangu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Nimekulia katika kisiwa ambacho watu wa bara, na hata wa Unguja, wamekivisha sifa ya uchawi ambayo wenyewe hatukuiomba. Wazee wetu walituhadithia Giningi, kwamba ni mji wa wachawi usioonekana na asiyekuwa wao, wanakokutana usiku kwa karamu na ngoma, na kwamba hakuna aingiaye katika chama chao kwa fedha wala kwa nasaba. Huingia kwa kumtoa mtu, na mtu huyo hawi jirani wala adui, bali huwa mtoto, au mama, au ndugu wa tumbo moja, yaani yule ambaye kumkosa kutamwuma. Aliyetolewa huonekana amekufa, akaoshwa, akasaliwa, akazikwa. Kumbe, kwa itikadi yao, kilichofukiwa ni gogo la mgomba lililovishwa sura yake, na yeye mwenyewe yuko kule akitumishwa. Sasa fikiri hali ya mama aliyekwisha maliza eda ya machozi, akaja kuambiwa na majirani kwamba mwanawe hakufa, ameuzwa, na aliyemwuza ni babu yake. Nimezijua nyumba zilizovunjika kwa neno hilo moja, watu wa baba mmoja wasisalimiane mpaka wakaingia kaburini.

Tena dini haikutuacha gizani katika jambo hili. Kurani inathibitisha kuwa majini wapo na kwamba wana mataifa yao, wema na waovu, na katika sura iitwayo kwa jina lao inataja wanadamu waliotaka himaya kwao wakazidishiwa mzigo. Inawataja pia Haruti na Maruti, kule Babili, ambao hawakumfundisha mtu ilmu ile bila ya kumwonya kwanza kuwa wao ni mtihani. Basi nakuuliza: onyo liko wapi katika daftari lako?

MUUGUZI: Maalim amesema kwa upole, kwa sababu kwao watu walinuniana. Kwetu sisi watu waliuawa.

MAALIM: Hata kwetu, binti yangu. Mwaka 1995, pepo waliyemwita Popobawa alipotia watu hofu Pemba kisha Unguja, watu wakawa wanalala nje ya nyumba zao wamewasha mioto, yuko mtu mgonjwa wa akili aliyeuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Endelea.

MUUGUZI: Innalillahi. Basi na tuseme kwetu waliuawa wengi. Nilipokuwa muuguzi kijana, aliletwa bikizee mmoja kutibiwa macho, macho mekundu kabisa, kama walivyo nayo wanawake wengi wa Usukuma waliopika umri wao wote kwa kuni na samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Tulimpa dawa ya kupaka. Hakuniuliza kama ataona vizuri. Aliniuliza kama wekundu utakuwa umeondoka kabla hajarudi kijijini, kwa maana kijijini kwake mwanamke mzee mwenye macho mekundu alikuwa mchawi, na mwanamke mchawi alikatwa mapanga usiku, na asubuhi hapakuwa na aliyeona kitu. Sikuwa na dawa ya kumhakikishia hilo.

Kisha wakaja wale waliowawinda watu wenye ualbino. Hayo yalishika kasi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, katika Kanda ya Ziwa, kwa sababu waganga waliwaambia wachimba madini na wavuvi, na watu wakubwa kuliko hao, kwamba kiungo cha mwili wa mtu yule huvuta bahati. Watoto walikatwa mikono wakiwa hai. Serikali ikawazuia waganga wa kienyeji mwanzoni mwa mwaka 2009, ikawazuia tena mwaka 2015, na Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu 1928, wakati wa Mwingereza. Mdogo wangu, wewe umetusomea kanuni ya hekaya yako kwa sauti ya furaha ya mtungaji, nami nikaitambua, kwa sababu ndiyo ile ile: nguvu huchukuliwa na huyu, malipo hukatwa katika mwili wa yule. Umeiandika vizuri, vizuri mno, hata nikatamani kijana wa miaka kumi na sita wa kwetu asiisome.

Hapo palikuwa na kimya, na sina haja ya kukipamba. Mlinzi alifunga daftari, akaliweka chini ya mkono wake, na aliposema tena hakusema kwa ukali.

MLINZI: Dada yangu, usinidhanie kuwa nimetoka mahali ambapo mambo haya ni ya kusikia. Kilifi wazee huuawa. Mzee ana ekari zake chache za minazi na mikorosho, mvi zimemjaa, wajukuu wamekua na shamba halijagawanywa. Mara mtoto anaugua, mara ng'ombe anakufa, na kabla ya mwaka kwisha mzee ameitwa mchawi na wale wale watakaolirithi shamba. Huko Ganze iko Kaya Godoma, ambako wazee waliotishiwa kuuawa wamepewa hifadhi, wakaishi mbali na nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Kwa hivyo najua. Lakini nakuuliza swali: wale wauaji walisoma hekaya ya nani? Hawakusoma. Walikuwa na uvumi, na uvumi hauna mwandishi wa kuulizwa. Mimi nikiliacha jambo hili kwa kuwa ni chafu, nitakuwa nimewaachia wao peke yao walisimulie.

MUUGUZI: Hoja yako ni nzuri, lakini haikujibu yangu. Mimi sikukuambia uache. Nimekuuliza umeisimulia kwa jicho la nani, na nilivyosikia mimi, umeisimulia kwa jicho la mfunguzi wa mlango. Yeye ndiye mwenye jina, mwenye mapenzi, mwenye mashaka. Yule anayetolewa ametajwa mara moja, tena kwa udugu wake tu: dada yake mdogo.

MWANDISHI: Naomba niingie hapa, kwa kuwa kabla ya kumhukumu ndugu yetu ni insafu tutazame waliomtangulia wamefanyaje. Hekaya za majini si ngeni katika maandishi yetu. Alfu Lela Ulela ilikuwa imekwisha tolewa kwa Kiswahili mwaka 1929, na pwani ilikuwa ikizijua hadithi zake kwa mdomo muda mrefu kabla ya hapo. Lakini nitataja vitabu vitatu vya watu wetu wenyewe, kwa maana kila kimoja kimeshika njia yake.

Cha kwanza ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Adili, liwali wa Janibu, kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili huku machozi yakimtoka, na mfalme anapomwuliza sababu, inadhihirika kwamba manyani wale ni ndugu zake, waliomtosa baharini kwa husuda, na kwamba Huria, binti wa kijini ambaye Adili alipata kumwokoa, ndiye aliyewageuza na kumwamrisha Adili awaadhibu. Tazameni jinsi sharti lile lilivyopangwa: nguvu za Ujinini zimemwokoa Adili, lakini zimemfunga pia, hawezi kuwa mpole hata akitaka, na lau ataacha kupiga, adhabu itamgeukia mwenyewe. Nadhani hakuna mtungaji wetu aliyeonyesha kwa uwazi zaidi kwamba msaada wa ng'ambo ni msaada wenye mkono juu ya shingo, na mwandishi alilitenda hilo bila ya kumfanya mtu yeyote wa mtaani atuhumiwe.

Cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 kikatolewa 1960. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mzimuni, na watu wako tayari kuitwika mizimu lawama. Mpelelezi Bwana Msa, kwa kiko chake na maswali yake, anaurudisha ulimwengu mahali pake na kuonyesha kuwa muuaji ana mikono na miguu. Njia hiyo naiheshimu, walakini haimfai ndugu yetu, kwa sababu mlango ukithibitika kuwa haupo, hekaya yake imekwisha.

Cha tatu ndicho kilicho karibu naye kuliko vyote, tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, Kivuli Kinaishi, ya mwaka 1990. Hiyo imeichukua Giningi yenyewe, Giningi ile ile ya Maalim, ikaifanya dola. Bi Kirembwe anatawala, na raia wanalishwa unga wa ndere wasione wala wasiulize. Mwenye tamthilia amekwenda mpaka katika shina la jambo, kwamba mchawi mkubwa ni yule anayewatumikisha watu kwa kuwaondolea nia zao, na kila asomaye anafahamu kwamba habari hii ni ya serikali za mchana kuliko vikao vya usiku. Kwa rai yangu hicho ndicho kipimo ambacho kila atakayeitaja Giningi baada yake atapimwa nacho. Hata hivyo, hakumaliza kazi yote. Imebaki Giningi kama mahali, yenye njia ya kuingia na kutoka, yenye hesabu ya deni, yenye watumwa wanaokumbuka majina yao. Hapo ndipo Mlinzi amesimama, na nasema amesimama mahali panapostahili.

MAALIM: Umetaja deni, Mwandishi, na umetaja watumwa, ilhali sote tumetoka nyumba ya Bin Jelmood saa moja haijapita. Basi nami nina ya kusema juu ya mlango wa chini ya bahari, ambao kijana wetu ameupitia haraka kana kwamba ndio mdogo kuliko yote.

Wazee wa hapa, waliowahi kukutana na wazamiaji wa lulu, husimulia habari za Bu Darya, jini wa bahari, ambaye usiku hupanda chomboni akamchukua baharia akazama naye, na kwa ajili yake ziliwekwa zamu za kukesha. Alhamdulillahi, sikumwona. Lakini sikilizeni kazi yenyewe ilivyokuwa. Msimu mkubwa wa lulu ulichukua kiasi cha miezi minne ya joto. Mzamiaji, wanayemwita ghais, aliibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni limteremshe, akachukua kikapu shingoni, akashuka. Na juu, chomboni, alikaa mvuta kamba, wanayemwita saib, ambaye kazi yake ilikuwa kungoja mtikiso wa kamba ampandishe. Pumzi moja, kisha nyingine, tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Masikio yalipasuka. Papa walikuwapo. Na mwisho wa msimu, nahodha alipofungua daftari la hesabu, aghalabu mzamiaji alikutwa angali na deni, kwa kuwa alikuwa amekula posho ya mbele, na akifa na deni lake, mwanawe alilirithi.

Huyo ni mzamiaji huru. Sasa katika vyombo hivyo walikuwamo watu wetu, waliotolewa pwani yetu na bara yake, na fungu la lulu walizozitoa chini lilikwenda kwa mabwana zao. Lulu za kufuga za Wajapani ziliiangusha biashara hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaja njaa, kisha yakaja mafuta. Na utumwa ulipofutwa hapa Qatar mwaka 1952, fidia walilipwa waliokuwa wakimiliki watu. Nimeiona habari hiyo leo ukutani nikarudi kuisoma mara ya pili. Mwanangu, nchi yenye hatari, mali inayochotwa humo, na mtu mwingine anayetolewa ili mali ipatikane: ukitafuta Giningi iliyokuwa na anwani, ilikuwa hapa, na ilikuwa kwetu Zanzibar pia katika mashamba ya karafuu, tusiwasingizie wenyeji wetu peke yao.

MLINZI: Maalim, umeniandikia sura nzima.

MAALIM: Sijamaliza, kwa maana iko upande wa pili ambao haki inanilazimisha kuutaja, ijapokuwa hukumu ya dini juu yake naijua na simshauri mtu aende. Kuna kilinge. Kwetu mtu akipandwa na pepo, fundi humwuliza yule pepo jina lake, kabila lake na haja yake. Ruhani atataka udi, maji ya waridi na nguo safi. Kibuki, ambaye asili yake husemwa ni Bukini, yaani Madagaska, atataka brandi, na atazungumza lugha ya huko kwa mdomo wa mwanamke ambaye hajapata kuvuka bahari. Huandaliwa chano, hufukizwa ubani, ngoma ikapigwa. Na aghalabu pepo hafukuzwi. Hufanywa naye mapatano, na yule mgonjwa, ambaye sasa huitwa kiti, huishi na mapatano hayo maisha yake yote: vyakula asivyovila, siku asizofanya kazi, gharama za kila mwaka. Ngoma za namna hiyo zilivuka bahari pamoja na wale waliouzwa. Huku Ghuba kuna zar na tambura, na katika liwa mpaka leo waimbaji hutamka maneno ya Kiswahili ambayo baadhi yao hawaijui tena maana yake.

Nataka muone tofauti. Giningi mtu hulipa kwa mwenziwe. Kilingeni mtu hulipa kwa mwili wake, kwa mali yake, kwa muda wake, na jamaa zake humzunguka wakimsaidia kulipa. Mimi vyote viwili navikataa. Lakini nikiambiwa nichague ni kipi mtoto asome katika hekaya, sitasita.

MUUGUZI: Hayo nakubaliana nayo kuliko yote yaliyosemwa leo. Mlinzi, geuza sharti lako. Anayefungua mlango alipe mwenyewe: apoteze macho, apoteze kumbukumbu za mama yake, apoteze miaka ya umri wake. Hapo kijana wa kwetu akisoma hatajifunza kwamba nguvu hununuliwa kwa shingo ya mwingine.

MLINZI: Nitafanya hivyo kwa milango mitatu, na nashukuru. Kwa mlango wa nne siwezi. Mkinitaka mfunguzi wa Giningi ajilipie mwenyewe, mtakuwa mmenitaka niseme uongo, kwa sababu uovu ninaoujua mimi, wa shamba la minazi kule Kilifi, na wa yule bikizee wako, na wa mzamiaji wa Maalim, haukulipwa na waliofaidika. Hekaya itakayowafanya wafunguzi wote walipe kwa haki itampendeza msomaji, nami nitajua kuwa nimemdanganya.

MUUGUZI: Na mimi nitabaki na hofu yangu.

MAALIM: Na mimi na swali langu la onyo.

MWANDISHI: Basi kwa kuwa mmeniachia kalamu, nitatoa rai yangu, nanyi mko huru kuikataa. Naona Mlinzi amesema kweli katika jambo la Giningi, na Muuguzi amesema kweli zaidi katika jambo la jicho. Kosa la daftari hili si kwamba limeweka kafara ya mtu, maana kafara hiyo imo katika itikadi zetu na imo katika historia yetu, tena iliyoandikwa ukutani hatua chache kutoka hapa. Kosa ni kwamba limeihesabu kafara hiyo kama gharama ya mfunguzi, kana kwamba dada yake mdogo ni fedha iliyomtoka mfukoni, na majonzi yake kaka mtu ndiyo yaliyoelezwa kwa kurasa nyingi, ilhali yule aliyekwenda Giningi hakuandikiwa hata mstari mmoja wa aliyoyaona huko. Hadithi nyingi za maajabu za ulimwengu huingia katika kosa hilo, kwa sababu mtungaji hupendezwa na nguvu aliyoibuni akasahau kumwuliza aliyeilipia.

Kwa hiyo naona aliyetolewa apewe jina, na nafasi ya kusema sawasawa na mfunguzi. Mlango wa Giningi usimuliwe kutoka ndani. Na katika mji ule wa hekaya asiwepo mtu ajulikanaye kuwa mchawi kwa macho yake, wala kwa mvi zake, wala kwa rangi ya ngozi yake, na yule atakayetuhumiwa kwa dalili hizo msomaji amjue tangu mapema kuwa hana hatia, ili aone kwa macho yake jinsi mtu mwema anavyoweza kuchomewa nyumba na majirani zake. Onyo analolitaka Maalim nadhani litakuwa limepatikana hapo, pasipo haja ya kuliandika kama hotuba.

MLINZI: Atakuwa na jina. Ninalo tayari, la bibi yangu.

MUUGUZI: Ukimaliza, nipe niisome mimi kabla ya mtu mwingine. Nikiona kwamba yule dada amerudi kuwa kivuli nyuma ya kaka yake, nitakuambia uso kwa uso, na kitabu chako sitakipeleka Shinyanga.

Mlinzi alikubali sharti hilo, na mpaka hivi sasa niandikapo amekwisha iandika upya sura ya kwanza na ya pili, zote mbili kwa sauti ya aliyetolewa. Muuguzi amezisoma. Amesema sura ya kwanza inafaa na ya pili bado, na amempa sababu zake kwa maandishi. Nawaomba watungaji wengine wa hekaya kwa Kiswahili, wa nyumbani na wa ughaibuni, wawape watu kama Muuguzi miswada yao wasome kabla ya kuipeleka kwa mchapaji.